Dobi Aliyeapa Mbele ya Kaka Yake

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Dada Pasi, dobi, aliyetutoka Jumanne. Baadhi ya ndugu zake wameniomba niseme za udobi tu, za mahakamani niziache. Wanisamehe. Nikiziacha, marehemu mwenyewe atanidai.

Kaka yake, dereva wa lori, alimgonga mwendesha baiskeli, akakimbia. Yule mtu alifariki. Ndugu wakakaa sebuleni kwa mama yao wakakubaliana: mchana ule kaka alikuwa nyumbani, amelala. Na shahidi awe nani? Wote wakamgeukia Dada Pasi. Kwa nini yeye? Kwa sababu mtaa mzima ulijua hasemi uongo! Akikuunguzia kola, alikwambia kabla hujaiona.

Sikieni maajabu, jamani. Walitaka kuazima ukweli wake wafunikie uongo wao.

Mama akambembeleza, "Mwanangu, damu nzito kuliko maji."

"Hata ya mwenye baiskeli ni damu, mama."

Wakadhani ni maneno tu. Asubuhi ya kesi alimpigia kaka yake shati pasi, wakaenda mahakamani pamoja. Akashika Biblia, akaapa. Kisha akasema: "Kaka hakuwa nyumbani. Alirudi jioni, akaosha bampa la lori kwa sabuni yangu."

Kaka akafungwa. Dada Pasi akafukuzwa kwao. Shangazi akamfuata hadi kibandani kwake pa kufulia: "Wewe mlokole, Biblia si inasema uwaheshimu wazazi?"

"Inasema, shangazi. Haisemi niwaabudu."

Narudia, wasikilizaji: alisema ukweli, kaka yake akafungwa. Na kila siku ya kuwaona wafungwa, aliyefika gerezani ni yeye. Wale wa damu nzito walikuwa na shughuli.

Jana nilizungumza na kaka huyo. Alilia bila kujificha. "Wote walitaka kuniokoa na jela," aliniambia. "Dada alitaka kuniokoa mimi."

Poleni sana, familia. Kaka, pole. Mungu aliyemtii ampokee. Nasi tujiulize: siku tukiitwa kusema, ndugu wamekaa mbele wanatutazama, tutasema nini?

Mjane wa yule mwenye baiskeli yuko msibani tangu juzi, amekaa na akina mama. Nasikia kuna wanaouliza kaitwa na nani. Hakuitwa. Amekuja kumlilia mtu wake.