Kikombe cha Matanga Ng'ambo ya Mto

Ndugu zangu wa hapa Tunda, sogeeni karibu, maana sauti yangu si ya katekista. Mmeniita nieleze jinsi mlevi anavyoacha pombe. Nitaeleza polepole, kama ilivyonipata mimi. Majina ya watu nimeyaacha Kindu, kwa kuwa si yangu kuyatoa.

Kazi yangu ilikuwa melini. Mchanga wa mto Lualaba unahama. Penye njia leo, kesho pana kisiwa. Kwa hiyo kila meli ina mtu anayesimama mbele na mti mrefu wenye alama, anauchovya majini na kupaza sauti ili nahodha ajue kina. Mtu huyo nilikuwa mimi. Jua kali, kusimama kutwa, na kila tulipofunga kamba palikuwa na lutuku, ile pombe kali ya mahindi na muhogo ambayo serikali imeikataza na kila mtu anajua inakopikwa. Nilianza kunywa ili nipumzike. Baadaye nilikunywa ili mkono usitetemeke. Nawaambia, ukifika hapo, pombe ndiyo inayokunywa wewe.

Siku moja nikaita kina bila kuchovya mti. Niliangalia rangi ya maji tu. Meli ikapanda mchanga na mizigo yake yote. Nikafukuzwa palepale, nikarudi Kindu kwa mtumbwi wa wavuvi, nao njia nzima wakiniuliza, "Baba, hapa iko kina gani?" Chekeni, hata mimi leo nacheka. Mke wangu hakucheka. Alichukua watoto na sufuria zake, akavuka mto kwenda kwa baba yake. Aliniambia, "Nitarudi kwa muntu, sitarudi kwa chupa."

Jirani yangu mshona nguo, Mwislamu, alinikuta mlangoni sijaoga. Hakunihubiria. Alisema, "Jumamosi alasiri tunasuka migono ya kutegea samaki uani kwangu. Kuja utusaidie."

"Sijui kusuka."

"Hata sisi tunasuka vibaya. Samaki wanaingia, wanasalimia, wanatoka."

Nikaenda. Nilikuta watu wachache: fundi wa reli, mchukuzi wa bandarini, na mama mmoja mtu mzima ambaye zamani alipika lutuku mwenyewe. Wote waliwahi kuwa walevi kama mimi. Sasa niwaeleze kwa nini mitego ile. Watu wazima wakikutana bure, polisi anauliza wanapanga nini. Halafu kuna mikono: mwenye kuacha pombe anatetemeka, na akishika fito anapata mahali pa kutazama wakati anasema mambo ya aibu. Tulikutana Jumamosi alasiri kwa sababu kazi inaisha saa ile na kiu inaamka. Hakuna aliyeniapisha. Waliniuliza tu, "Mpaka Jumamosi nyingine utaweza?" Kuna wiki niliweza. Kuna wiki nilirudi nikinuka, wakanisogezea fito.

Nilipoanza kusimama, baba mkwe akafa.

Nanyi mnajua kilio cha kwetu. Malofu ya matanga, ile pombe ya mchikichi, yanazunguka kwa kikombe kimoja, na mkwe anayekikataa anaambiwa amemla marehemu kwa uchawi. Nikawaambia wenzangu, "Nikienda, nitakunywa. Nisipoenda, mke wangu amepotea."

Yule mama akatua mgono wake. "Nani amekuambia utaenda peke yako?"

Tukavuka wote. Tukakaa mkekani, wao kuume na kushoto kwangu. Kikombe kikaja. Harufu yake ilinifika kabla ya mkono wa shemeji yangu.

"Shemeji, kunywa."

"Nisamehe, shemeji. Nimeacha."

"Umeacha? Weye? Mulevi wa meli?" Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika. "Ao moyoni mwako muko kitu?"

Mkono wangu ukainuka wenyewe kukifuata kikombe. Mama yule wa migono akaushika, akaurudisha mapajani mwangu, akasema, "Wakwe zetu, hakatai kilio chenu. Anakataa kifo chake. Mpeni maji ya mtungi wa marehemu, anywe mbele yenu."

Wazee wakanong'ona. Hakuna aliyeinuka. Ndipo mke wangu, kichwa kimenyolewa kwa msiba, akatoka kati ya wanawake. Akachota maji mtungini mwa baba yake. Kwetu anayetoa kikombe huonja kwanza, ili mgeni ajue hamna sumu. Akaonja. Akanipa. Nikanywa yote, na machozi yakashuka humo humo.

Shemeji yangu akasema, "Basi, amekunywa na sisi."

Matanga yalipoisha, mke wangu alivuka nami. Melini sikurudishwa, ninasuka migono, na sasa samaki hawatoki.

Namshukuru Mungu, na jirani yangu, na mama yule, na wote waliopanda mtumbwi siku ile. Nilichojifunza ni hiki: kiu haikungoji ukiwa na nguvu, inakungoja ukiwa peke yako.

Basi, ndugu zangu, fanyeni hivi. Chagueni saa ambayo mmezoea kunywa, mkae uani kwa mtu, kila mmoja na kazi ya mikono. Atakayekuja akitetemeka, msimuulize neno. Msogeleeni, mpeni fito ashike.