Skolastika Mwelwa, Chungu Wake na Moto wa Kapundu

Baba Paroko, mjumbe wa mfumu, yaani chifu wetu, ndugu na majirani, na ninyi watani wetu wa ukoo wa Mvua mliokaa karibu na jeneza kama inavyotakiwa, mimi ni Donati Mwelwa, mdogo wake marehemu, na familia imeniteua kusoma maisha yake, ingawa jana wazee wawili walinijia, mmoja baada ya mwingine, wakaniomba nisome tarehe tu na nisiguse habari za moto, jambo lililonifanya nijiulize wanaogopa nini.

Marehemu Skolastika Mwelwa, ambaye wengi mlimwita Bana Kabwe kwa jina la mtoto wake wa kwanza, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa hapa Kapundu, wilaya ya Mpika, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Mwelwa na wa mama yetu, wa ukoo wa Uyoga, ambao ndio ukoo wetu sisi watoto wote. Tarehe hiyo nimeitoa kwenye cheti cha ubatizo, kwa sababu shangazi alinitajia nyingine, na shangazi huyo huyo aliwahi kuniambia kwamba mimi nilizaliwa siku ya soko, wakati Kapundu haijawahi kuwa na soko.

Alianza shule ya msingi ya misheni Januari 1968, akaendelea na sekondari Kasama kuanzia 1975 hadi 1979, kisha akajiunga na chuo cha misitu kule Kitwe, alikohitimu Novemba 1982, akarudi nyumbani na stashahada, viatu vya buti, na tabia ya kutomwamini mtu yeyote anayesimulia habari za moto. Ukimwambia moto umepita mahali fulani mwaka jana, alikuitikia vizuri, halafu kesho yake ungemkuta huko amepiga magoti anaangalia chungu wanavyopita ardhini.

Aliajiriwa na Idara ya Misitu tarehe 3 Januari 1983, akafanya kazi Ndola kwa miaka kumi na moja, na mwaka 1994 akahamishiwa huku kwetu asimamie vipande vitatu vya mwitu, kimoja kisichochomwa kabisa, cha pili kinachochomwa Juni nyasi zikiwa bado na umajimaji, na cha tatu kinachochomwa Oktoba wakati kila kitu kimekauka, ili ijulikane moto wa namna gani unauacha mwitu ukiwa hai. Humo alifukia vikombe vya plastiki, midomo yake ikiwa sawa na ardhi, akatia maji ya sabuni, na chungu waliotumbukia aliwahesabu aina kwa aina. Kijiji kilisema ni vikombe vya uchawi. Nakumbuka mama mmoja, ambaye yuko hapa na amelia kuliko sisi wafiwa, alimuuliza kisimani, “Bana Kabwe, hao chungu unawatuma kwa nani?” Dada akamjibu, “Kwako, lakini wanarudi, wanasema nyumba yako haina sukari.”

Alifunga ndoa na mwalimu Bonaventura Musonda tarehe 23 Agosti 1986 katika kanisa la misheni, wakajaliwa watoto watatu, Kabwe, Chileshe na Mutale, ambao wote wako hapa na wake na waume zao, na mwalimu akatangulia mbele ya haki mwezi wa Mei 2009. Dada hakuolewa tena, ingawa wapo walioleta posa, na wawili kati yao nawaona pale nyuma wakijifanya wanatazama paa.

Sasa naufikia moto, na wale wazee wawili naomba wavumilie.

Mnajua utaratibu wetu wa chitemene, kwamba matawi yaliyokatwa na kurundikwa tangu Juni hayawashwi na mtu yeyote mpaka mfumu awashe rundo lake kwanza na moshi wake uonekane, ili mashamba yote yachomwe pamoja mvua ikiwa karibu, na ulezi uote kwenye majivu. Mwaka 2016 mfumu alikuwa hajawasha bado. Tarehe 4 Oktoba dada alichoma kile kipande chake cha tatu kama kila mwaka, akiwa na vibarua na ruhusa mkononi, akauzima moto, akalala hapo hapo kuulinda. Tarehe 11 mwitu wote wa upande wa mashariki ukawaka, kutoka kijito cha Luyenge hadi barabarani, wakati vipepeo wa chipumu, wale viwavi tunaowala na kuwauza, wameshataga kwenye majani machanga. Novemba tuliingia mwituni na ndoo na magunia, familia nzima nzima kama tulivyozoea, tukatoka bila kiwavi hata mmoja. Hakuna asiyejua viwavi ni nini hapa kwetu, ndivyo ada za shule, ndivyo mabati, ndivyo kitoweo cha Januari, na mwaka ule watoto wengi walibaki nyumbani.

Kijiji hakikuchunguza. Kilisema moto wa Bana Kabwe umetoroka, kikaridhika, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kibiriti na mshahara. Wajukuu zake waliitwa watoto wa moto, na kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi kila Jumapili hata siku ya Pasaka, wakati watu wamesimama mlangoni. Akipita njiani aliulizwa, “Leo unatuchomea nini?” na aliyeuliza alicheka, ila hakuwa mtani, hivyo hakuwa na haki ya kucheka. Liliniuma jambo lile, na linaniuma mpaka sasa.

Yeye alichukua vikombe vyake akaenda kwenye majivu. Kwa miaka miwili nilimfuata mara nyingi, nikiwa mlinzi wake zaidi ya msaidizi, maana sikuwaamini vijana wa barabarani, na alinionyesha mambo ambayo sikuyajua ingawa nimezaliwa humo. Chungu wenye viota chini ya ardhi walitoka wiki ile ile wakaendelea na shughuli zao. Wale wa mitini, wanaoinua mkia juu ukiwagusa, wanaoishi kwenye vitawi vikavu na chini ya magome, waliungua wakaisha. Mahali pao wakaja wageni wenye miguu mirefu, wapenda jua, waliozoea kukaa njiani na uwanjani, wakatawala ardhi nyeusi. Nyasi ziliporudi wakaja wakusanya mbegu, na vivuli vilipoanza kurudi tukawaona siafu wakipita tena. Wa mitini ndio walichelewa kuliko wote, kwa sababu walikuwa hawana pa kurudia mpaka mti upate tena vitawi vilivyokufa.

Kwa hiyo alianza kuwatafuta wale wa mitini tu. Alisema moto unapoanza ni mdogo, unatambaa, unaunguza nyasi na kuyaacha magome, na kadiri unavyokimbia na upepo ndivyo unavyopanda mitini, hivyo panapoanzia moto chungu wa mitini hubaki. Kuzunguka kipande chake cha tatu hakumpata hata mmoja, miti ilikuwa imeungua mpaka juu upande wa nje, maana yake moto ulifika pale ukiwa tayari mkubwa, umetoka mbali. Tulikwenda mti kwa mti tukirudi ulikotoka upepo. Mwezi wa Mei 2018, karibu na kijito cha Luyenge, alipiga shina la mti wa mutondo kwa kiganja, na chungu wakamiminika wakiwa wameinua mikia. Mti wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Hatua chache mbele yetu lilikuwa shamba la chitemene la mtu tunayemfahamu.

Mtu huyo ni Bashi Nkole, yaani baba yake Nkole, Everisto Chishala, wa ukoo wa Mvua, mtani wetu mkubwa, na siku zile za Oktoba, mfumu akiwa bado kimya, mimi kwa masikio yangu nilimsikia kwenye pombe akisema, “Mnamsubiri mfumu wa nini? Mvua ni ndugu yangu mimi. Kesho inanyesha.” Haikunyesha mpaka katikati ya Novemba.

Nilitaka kwenda kwa mfumu siku ile ile na vumbi langu miguuni. Dada akanizuia, na maneno yake nayasoma kama alivyoyasema, kwa sababu nimeyabeba miaka mitano bila kuyakubali.

“Donati, chungu wameniambia moto ulianzia wapi. Hawakuniambia ni nani. Huenda ni yeye, huenda ni mwindaji aliyepita. Nikimtaja mtu hapo kwa kukisia, nitakuwa nimefanya alichonifanyia kijiji.”

Nikamwambia kwamba jina lake linaoza. Akasema anajua, akaendelea kupiga mashina.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2021. Februari 2023 alianza kuumwa tumbo, akalazwa hospitali kule Kasama, ikagundulika ni saratani ya ini, akatibiwa mpaka Juni, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Katika miezi ile Bashi Nkole alikuja kila wiki na unga wa ulezi, akauacha mlangoni, akauliza hali, akaondoka bila kutania, mtu ambaye kabla ya moto hakuweza kumwamkia dada bila kumwambia kwamba uyoga hauoti pasipo mvua. Mimi unga ule sikuuamini, nikaumwaga kwa kuku, nikawatazama kuku siku nzima. Hawakufa. Dada alipojua alinikasirikia kuliko alivyowahi, akaagiza unaofuata upikwe uji, na akaunywa wote mbele yangu. Alifariki dunia tarehe 19 Agosti 2023, alfajiri, mkono wake ukiwa kwa Mutale.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Kasama, Baba Paroko aliyemletea Komunyo, na wafanyakazi wenzake wa Idara ya Misitu, ambao wamesafiri kutoka Ndola. Tunawashukuru pia majirani kwa kuni, maji na maombolezo, na kati yao tunawashukuru hata wale waliokuja kuhakikisha kwamba amekufa kweli.

Zimebaki shukrani kwa watani. Kila mtu hapa anajua kwamba mtani ndiye anayetia udongo wa kwanza, na kwamba hautii kabla hajamtania marehemu kwa jina la ukoo wake, kila mtu akisikia. Bashi Nkole, siku mbili hizi umepasua kuni zetu zote, umechimba kaburi karibu peke yako, na hujatania hata mara moja, wala mimi, wala jeneza. Nilikuwa nimepanga kukuuliza jambo hapa mbele ya mjumbe wa mfumu. Nimelifuta leo asubuhi, si kwa kupenda, ila kwa sababu anayezikwa ni yeye na si mimi. Sikuulizi kitu. Jembe liko pale, nasi tunasubiri utani wako.

Naona umesimama. Mpisheni.

Sema kwa sauti, mzee wangu, wa nyuma hawajasikia.

Basi nitayarudia mimi maneno yake. Bashi Nkole amesema hivi: “Wewe Uyoga, tangu siku ile nilipowasha rundo langu umenifunika nisilowe. Leo nani atanifunika?”

Mjumbe wa mfumu amesikia. Wale wazee wawili wamesikia. Na wewe mama wa kisimani, nadhani umesikia pia.

Dada, mimi ningemtaja, na wewe hukumtaja, amejitaja mwenyewe. Tia udongo, Bashi Nkole, polepole. Skolastika, mwana wa Uyoga, jina lako ni safi, sasa pumzika.