Breki ya Upande Wangu

Sikilizeni, wanangu. Na wewe kifungua mimba uliyeegemea mlango kama mpangaji anayesubiri mtu ahame, ingia ukae, shingo yangu haigeuki tena na sitaki kuzungumza na mgongo wako. Kitinda mimba, acha kunifuta jasho kila dakika. Mimi si kioo cha gari.

Nyumba ni yenu nyote wawili, na atakayetaka kuiuza aje kwanza anifukue aniulize. Gari la kufundishia ni lako, mwanangu mkubwa. Najua umeshamwita fundi aing'oe breki ya pili, ile ya upande wangu, ulifanye teksi. Fundi naye ana mdomo, bwana. Ing'oe ukitaka, lakini kwanza unisikilize.

Miaka thelathini na mmoja nimekaa kiti cha pembeni nikifundisha watu kuendesha, mguu wangu juu ya pedali ile, na sijaona mwanafunzi aliyebanwa breki akasema asante. Wote husema gari bovu! Watoto wa watu niliwaacha wakwangue kingo za barabara, mradi wasiue mtu, ninyi niliwabana kila kona, mpaka mdogo wako akalia, mpaka mama yenu, Mungu amweke pema, akaniuliza, "Baba watoto, hawa ni wanao au maadui zako?" Jamani, si ndiyo sababu yenyewe? Mtoto wa mwenzio unamrudi nusunusu, wako unamrudi mpaka anyooke.

Sasa mwaka wa pili huu unanichosha, mwanangu. Kazi imekuponyoka, mchumba kaondoka, nawe umeacha kusali, unasema Mungu anakuonea tangu siku alipokuvunja mguu. Nimeyameza maneno haya miaka yote, lakini mficha maradhi kifo humuumbua, basi leo nayatema. Mguu ule hakuuvunja Mungu. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, tunateremka mlima wa kiwanda cha matofali, ukanifokea, "Baba, toa mguu wako, unaninyanyasa!" Nikanuna. Nikautoa, nikakunja miguu chini ya kiti, nikasema moyoni, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, acha aone. Ukuta niliuona kabla yako. Ningeweza kubana, na sikubana.

Halafu hospitalini nikakupigia methali ileile mbele ya wauguzi, nawe umelala na plasta mpaka kiunoni. Nisamehe. Siku zote nilizokubana ulidhani nakuchukia, kumbe siku niliyokuachia ujiendee ndiyo siku pekee ambayo sikukupenda.

Kwa hiyo usimpime Mungu kwa mguu wangu, tafadhali! Mimi niliwarudi kwa hasira zangu, nyingine za njaa tu, nyingine nimegombana na mama yenu asubuhi. Yeye hanuni. Hautoi mguu wake hata umtukane. Kwa nini kazi imekupotea sijui, na usinitolee macho, nimesema sijui. Hata mimi nimemfokea juu ya kifua hiki, kila siku namfokea, na hajanijibu. Ila ninapobanwa hivi najua kiti cha pembeni kina mtu.

Maji kidogo, binti yangu. Basi, yametosha.

Nizikeni asubuhi, jua halijawa kali, na mhubiri asirefushe, namjua yule. Funguo ziko mfuko wa koti... wa ndani. Mpe kaka yako. Breki ile aing'oe, asiing'oe, shauri yake, mimi nimemaliza.

Sogea, mwanangu mkubwa. Lete kichwa. Mkono hauinuki... uinue wewe, uuweke mwenyewe. Hapo. Baba wengine huwaombea watoto wao mteremko. Mimi siwezi, nimeuona mteremko. Mungu akurudi, mwanangu. Akurudi kila kona... asikuachie. Nawe... urudi.