Orest Bodnarchuk, Spika Aliyepiga Kura Moja

Marehemu Orest Bodnarchuk alizaliwa tarehe 14 Machi 1934 katika shamba la ngano nje ya Vasylivka, Saskatchewan, akiwa mtoto wa pili wa Hryhorii na Paraskeva. Siku hiyo theluji ilifika madirishani.

Alisoma shule ya chumba kimoja hapa Vasylivka, kisha sekondari ya Yorkton hadi 1952. Alifundisha hesabu kwa miaka ishirini na zaidi. Tarehe 6 Agosti 1960 alimwoa Olha Semchuk katika kanisa hili hili, na Mungu akawajalia binti mmoja, Daria.

Mwaka 1975 alichaguliwa kuwa mbunge wetu katika Bunge la Jimbo, kule Regina. Miaka saba baadaye wenzake wakamfanya Spika. Kwa desturi, Waziri Mkuu wa jimbo na Kiongozi wa Upinzani humkokota Spika mpya hadi kitini, naye hujifanya hataki. Orest hakujifanya; kiatu kilimvuka.

"Mheshimiwa, mbona mzito hivi?" Waziri Mkuu alimnong'oneza.

"Nimeshiba pyrohy za mke wangu, maandazi ya viazi. Vuta taratibu!"

Tangu hapo hakuingia tena vikao vya chama chake, wala mnadhimu hakumtafuta. Spika hana upande. Chakula cha mchana alikula peke yake ofisini, mlango akiuacha wazi.

Tarehe 23 Mei 1985 upinzani ulileta muswada wa kuinusuru hospitali ya Vasylivka isifungwe. Katika kusomwa mara ya tatu kura zililingana, thelathini kwa thelathini. Hapo ndipo Spika hupiga kura, na desturi haimruhusu kupitisha sheria ambayo wabunge wenyewe hawakuipa wingi. Orest alisimama nyuma ya siwa, akasema, "Hapana." Hospitali ikafungwa.

Jumapili, baada ya misa, kaka yake Taras alimngoja mlangoni.

"Mama alifagia wodi zile miaka ishirini! Umeziuza kwa desturi ya Waingereza?"

"Kiti kile si changu, Taras."

"Basi kalale nacho!"

Hawakusemezana tena kwa miaka kumi na minane. Olha alipofariki mwaka 1998, simu ya Orest iliweza kumaliza wiki nzima bila kulia. Alisali rozari kwa sauti, alisema, ili nyumba isikie mtu.

Tarehe 2 Februari 2004 alipatwa na kiharusi, akapoteza kauli. Siku ya tatu Taras alifika na bakuli la supu ya borshchi.

"Nitukane basi, mdogo wangu. Hata kidogo."

Midomo ya Orest ilisogea, sauti haikutoka. Taras alirudi kila siku hadi tarehe 11, saa tatu asubuhi, Bwana alipomwita mtumishi wake.

Ameacha binti yake Daria, mkwewe Lorne, wajukuu Stefan na Kalyna, na kaka yake Taras, ambaye ameomba iandikwe hapa kwamba alichelewa.

Bwana amlaze pasipo maumivu wala upweke. Kumbukumbu yake idumu milele.