Makasha Matatu ya Mwalimu Fidencio

Wasikilizaji wapendwa wa redio yetu, mlitazama pembeni. Kiangazi kizima mlitazama pembeni, na Jumanne mkarudia, kaburini kwa mwalimu Fidencio Yescas, bendi yetu ilipompigia muziki wa maziko wa kuazima kutoka kijiji jirani. Wa kuazima. Mtu aliyemtungia muziki wa maziko kila marehemu wa kijiji chetu cha Yaguiche kwa miaka arobaini.

Alizaliwa kwa mchoma mkaa. Klarineti hakuwa nayo. Alizoeza vidole kwenye mpini wa jembe, dada yake Macrina akimcheka: "Kaka, jembe lako limetoka nje ya sauti." Vidole hivyo vikamfikisha mji mkuu. Okestra kubwa ikapiga simfonia yake, na wenye makoti meusi wakasimama kumshangilia mtu wa ndara za ngozi. Aliporudi, sisi tukamwuliza kama huko mvua imenyesha.

Akaendelea na kazi. Akifa mtu, Fidencio alikwenda kukaa na wafiwa, akauliza marehemu alitembeaje, alichekaje. Kesho yake bendi ina karatasi mpya za muziki. Tungo mia moja na kumi na tisa, kila moja na jina la mtu wetu. Alizifungia kwenye makasha matatu, akaandika ubavuni: WAFU WETU.

Mwaka jana, mvua zilipokwisha na kiharusi kikiwa kimeshamnyima kauli, mafundi walikuja kukarabati ghala la bendi. Waliposoma maneno yale, wakavua kofia. Wakadhani ni mifupa. Wakayabeba makasha taratibu hadi uani nyuma ya makaburi, pasipo paa, yangoje padri, anayefika kwetu mara moja kwa mwaka, aje kuyazika. Wanabendi, nanyi mlijua. Mkanyamaza.

Macrina alimwendea Anselmo wa halmashauri, mwenye ufunguo wa lango, mara tatu. Mara tatu.

"Mama, mifupa ya watu hatuichezei."

"Mifupa gani wewe? Uliona wapi mifupa ina sehemu ya tromboni?"

"Padri akija tutafungua."

Nyumbani alimkuta kaka yake akigonga mapigo kwa kidole ukingoni mwa kitanda, macho yakiuliza.

"Nikamwambia makasha yapo pakavu," ameniambia asubuhi hii. "Akatabasamu, akalala. Hakuamka tena. Mimi ndiye niliyemdanganya."

Mama Macrina, ukoo wa Yescas, poleni sana. Lakini pole yangu haizuii maji. Nanyi mnaonisikiliza, jiulizeni ni nani wenu yumo mle. Lázara mkunga yumo. Mapacha wa Odilón wamo. Padri anakuja Jumapili. Leo ni Alhamisi, na wingu limeshafunika mlima.

Epueni chapati za mahindi. Acheni shamba. Chukueni mablanketi makavu na nyundo ya kuvunjia kufuli, mje langoni sasa hivi.