Skrubu za Mzee Solo

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu mbele ya kibanda cha fundi redio, pale barabara inapokata kona. Mguu mmoja wa benchi umewekewa tofali, kwa hiyo anayekaa upande huo hukaa kwa adabu, asije akawamwagia wenzake kahawa. Hapo ndipo alipokaa mzee Solo asubuhi ile, mkono wa kushoto umelala mapajani kama mzigo alioshikishwa na mtu ambaye hajarudi kuuchukua. Miaka mingi mkono huo ulipiga gitaa la solo kwenye bendi, na watu waliacha vinywaji mezani wakaja mbele kuutazama. Kisha mzee akapooza upande mmoja. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi, mkono ukagoma. Sasa gitaa lake la umeme lilikuwa juu ya meza ya fundi, na aliyelishika alikuwa binti yake, maana Jumamosi ndiye angesimama jukwaani mahali pa baba yake kwa mara ya kwanza. Tatizo lilikuwa moja: gitaa lilikuwa linadanganya.

— Hebu piga tena, mwanangu, alisema fundi. Wanamwita Sikio, kwa kuwa redio mbovu huisikia ikiwa bado mtaa wa pili.

Binti alipiga nyuzi zote bila kubonyeza kitu. Sauti ikatoka safi kabisa. Kisha akapandisha vidole juu ya shingo, kule karibu na tumbo la gitaa, akapiga. Benchi zima likakunja uso.

— Inashuka, alisema Sikio.

— Inashukia wapi? aliuliza Breki. Huyu ni dereva mstaafu, na jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake hauna.

— Sauti, Breki. Inatakiwa ifike juu kabisa, inaishia chini kidogo. Huku chini gitaa liko sawa, kule juu linapotea.

— Ahaa! Basi hiyo nimeielewa. Ni matairi hayo. Gari likitoka vizuri halafu mbele likaanza kuvuta upande, humgombezi dereva. Unapima matairi.

— Gitaa halina matairi, alisema Mama Kahawa akiwamiminia kahawa.

— Ndiyo maana linasumbua!

Shahidi alisafisha koo. Shahidi anauza viatu vya mitumba, na hakuna jambo lililowahi kutokea duniani yeye akiwa hayupo.

— Mimi nilikuwepo, gitaa la bwana mmoja lilipokataa kupigwa na shemeji yake. Lilikaa bubu wiki nzima. Halikutoa hata mlio.

— Lilikuwa limechomekwa kwenye umeme? aliuliza Mama Kahawa.

— Hilo sikulitazama.

— Mnapotea njia, alisema Breki. Tazameni shingo ilivyo ndefu. Sauti inapanda yote hiyo kwa miguu. Hata wewe, Shahidi, ukipanda ngazi mpaka ghorofa ya juu, utafika unasema kwa sauti ile ile?

— Sitafika.

— Umeona? Linataka kupumzishwa katikati ya wimbo.

Binti alicheka, lakini si sana. Aliweka kiganja juu ya nyuzi kuzituliza.

— Jamani, kiongozi wa bendi hajacheka. Amesema Jumamosi nije na gitaa linalosema kweli. La sivyo nafasi anampa mwingine.

Mzee Solo aliyasikia hayo kama mtu aliyekanyagwa kidole. Mwingine? Mahali pale?

— Gitaa halina ubaya wowote, alisema. Tatizo ni vidole. Bonyeza, mwanangu! Unapapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani.

— Baba, nikibonyeza kama wewe, mwendo unanitoroka.

— Mimi mwendo haukunitoroka.

— Wewe ni wewe, baba.

Alilisema kwa upole, na hilo ndilo lililouma. Ukweli mzee alikuwa anaujua. Jioni alizozoea kukaa chumbani na mlango nusu wazi, alimsikia binti huyu akifanya mazoezi sebuleni, vidole vinakimbia vyepesi vile, kila noti imenyooka, mpaka yeye mwenyewe akasahau kutafuna. Moyo ulimjaa fahari mpaka akaona haya. Lakini kumwambia hakuwahi. Angemwambiaje mtoto kwamba amempita, na gitaa bado linaitwa lake?

Sikio alivuta taa, akainama mwishoni mwa gitaa, pale nyuzi zinapokalia vipande vidogo vya chuma. Yeye huviita viti. Kila uzi una kiti chake, na kila kiti kina skrubu ya kukisogeza mbele au nyuma.

— Mzee wangu, alisema, unakumbuka tulipovisogeza hivi?

— Nakumbuka. Na asivisogeze mtu tena. Hiyo ndiyo sauti yangu.

— Ndiyo hasa. Wewe ulikuwa unabonyeza kama unaponda kokoto. Sijui kama yupo mtu aliyewahi kuninyanyasia nyuzi vile. Ukibonyeza hivyo uzi unavutika, sauti inapanda kupita kiasi. Tukarudisha viti nyuma, uzi ukawa mrefu kidogo, sauti ikashuka, mkakutana katikati. Mungu wangu, gitaa lilivyoimba! Sasa binti anagusa kwa wepesi. Uzi hauvutiki. Sauti inabaki kule chini tulikoishusha.

Kila mtu kwenye benchi akatafuta la kusema lenye akili kupita hilo.

— Kwa hiyo, alisema Breki taratibu, gitaa linamsubiri mzee.

Hakuna aliyecheka. Hata Breki mwenyewe aliangalia kikombe chake kama ndicho kilichosema. Mzee Solo aligeuka kutazama barabarani. Aliona heri apite mtu yeyote amsalimie.

Akapita mtu kweli. Mwanamke mmoja, mgeni pale kijiweni, pasi ya umeme mkononi, waya umezungushwa shingoni mwake.

— Hamjambo? Samahani, hapa ndipo anapotengeneza pasi?

— Ndipo, dada, lakini foleni ina msiba, alisema Breki, na kabla mgeni hajakaribishwa kukaa akawa ameshamwagiwa habari yote: bendi, Jumamosi, viti, kokoto, matairi, na shemeji yule wa gitaa bubu. Mwanamke alisikiliza kwa makini, pasi ameikumbatia.

— Sasa hiyo Jumamosi, aliuliza, gitaa litapigwa na nani?

Lilikuwa swali jepesi, hata mtoto angelijibu. Breki aliinama kufunga kamba ya kiatu. Shahidi, kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa kama hayupo. Mama Kahawa aliinua birika, akakuta limeisha, akaendelea kuliinamisha vivyo hivyo. Wote walijua jibu, na wote walijua halikuwa lao kulitoa.

Mzee Solo aliukamata mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, akauhamishia kwenye benchi, mahali ambapo usingemwangalia.

— Fundi, alisema. Shika bisibisi.

— Baba, si lazima. Naweza kuazima jingine.

— La kuazima la nini, na la kwako lipo?

Binti aliinamisha kichwa. Sikio alitandika kitambaa mezani. Akalilaza gitaa juu yake lisiteleze, akachomeka kipimo chake cha sauti chenye taa, kisha akakuna kidevu.

— Mkono wangu mmoja uko kwenye skrubu, mwingine unalishikilia gitaa. Binti, wewe bonyeza, tena kama ulivyozoea, usijikaze kwa sababu tunakuangalia. Bado anahitajika wa kuchapa nyuzi. Mzee, huo mkono wako wa kulia una shughuli gani?

— Hauna shughuli. Upo tu.

— Basi sogea huku.

Breki na Shahidi walimshika mzee wakamkalisha kwenye kiti cha fundi, bega kwa bega na binti yake. Mama Kahawa alisogeza birika tupu kumpisha.

— Katikati ya uzi, pale penye vidoti viwili, alisema Sikio. Kwanza gusa tu, bila kubonyeza. Mzee, chapa.

Mzee alichapa. Ikatoka sauti nyembamba, kama kengele ya mbali.

— Sasa bonyeza. Chapa. Mnasikia? Ya pili iko chini. Hizi mbili zinatakiwa ziwe mtu mmoja.

Bisibisi ilizunguka kidogo tu. Kiti kikasogea mbele hata jicho lisione. Uzi ukakazwa upya. Gusa, chapa. Bonyeza, chapa. Tena kidogo. Tena. Kisha sauti mbili zikaangukia mahali pamoja, na mzee Solo akajikuta amesema "Ee!" kwa nguvu.

— Mama yangu, alinong'ona Breki, na hakuongeza kitu. Siku hiyo ndipo ilipojulikana kwamba breki anazo.

Walienda uzi kwa uzi, mpaka ule mnene wa mwisho. Binti akauzuia kwa kiganja.

— Huu uache, fundi. Huu nitaubonyeza kama baba.

Mzee alimtazama binti yake usoni.

— Sogeza na huo, fundi. Wa kwangu nimeshaupiga. Na wewe, mwanangu, sikiliza. Mimi sijawahi kupiga kama wewe. Hata nilipokuwa mzima.

Binti alifuta macho kwa bega, maana mikono ilikuwa kazini. Gusa, chapa. Bonyeza, chapa. Taa ya kipimo ikawaka kijani, ikatulia hapo.

Binti alihamisha vidole kujaribu noti ya pembeni. Mzee akachapa. Akahamisha tena, mzee akachapa tena, mara wakawa wanakimbia pamoja, vidole vyake yeye na mkono wa baba yake, juu kabisa ya shingo, na hakuna kilichoshuka. Yule mwanamke aliweka pasi chini. Sikio naye alikuwa ameshaweka bisibisi mfukoni, na hakuna aliyewaambia kwamba kazi imekwisha.