Baba Mkwe Aliyesema na Ng'ombe

Wapendwa, ugonile. Wageni mlioketi huku mbele msihangaike, nimeuliza tu kama mmelala salama. Mimi si mtu wa kusimama madhabahuni. Akina mama wenzangu wanaocheka pale wanajua kwamba maneno yangu huwa nayamalizia kisimani. Lakini mchungaji ameniomba mara nyingi nisimulie, na leo nimechoka kumkimbia.

Niliolewa hapa Mwaya nikitokea Bondeni, mjini Kyela. Nilimkuta mama mkwe ameshafariki. Kaya ilikuwa na nyumba mbili, yetu na ya baba mkwe, na katikati migomba.

Kwa wageni nieleze kidogo. Kwetu, mwanamke aliyeolewa hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hasemi naye, hapiti alipokaa. Akimsikia anakuja njiani, anaingia kwenye migomba na kusubiri apite. Najua wengine mtasema ni ukatili. Sisi tuliita heshima, na kweli ilikuwa heshima, kwa sababu mzee naye alibeba nusu ya mzigo. Akitoka nje alikohoa kwanza, nipate muda wa kujisitiri. Nikiwa natwanga mpunga, alizunguka njia ndefu kwenda shambani, hata mvua ikinyesha, ili nisiache kinu changu. Nilimjua kwa kikohozi na kwa nyayo zake kwenye tope. Uso wake sikuwahi kuuona.

Aliyekuwa mdomo kati yetu ni mume wangu. Mzee akitaka jambo anamwambia mwanawe, mwanawe ananiambia mimi, na jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo. Mume wangu alikuwa mtani, basi alinogesha. Ningesema chakula kitachelewa, yeye angeenda kumwambia baba yake kwamba mkwe wako anaomba ufunge na kuomba mpaka jioni. Nilikuwa nawasikia wakicheka kule upande wa pili, na mimi nacheka huku peke yangu.

Mnaikumbuka miaka ile biashara zilipofunguliwa. Ushirika ulikuwa umeacha kuja kuchukua mazao yetu kwa wakati, wakaanza kuja wanunuzi kila mmoja na mizani yake, na kila mwenye baiskeli akawa mfanyabiashara. Mume wangu naye akafunga mchele kwenye baiskeli, akaelekea Kasumulu. Akavuka daraja kwenda Malawi, kwa ndugu zetu wa upande ule, akarudi na sabuni na vitenge. Akaenda tena, na tena. Safari moja akashikwa na homa kule kule. Alivuka mzima, ndugu wakamrudisha amefungwa kwenye mkeka. Ndugu wale nitawashukuru mpaka naingia kaburini, kwa kuwa hawakumzika ugenini.

Msiba ulijaa watu. Kisha ukafika wakati wa kupalilia mpunga, watu wakarudi mashambani, kama ilivyo haki. Tukabaki kwenye kaya ile mimi, binti yangu anayenyonya, na mzee nisiyeruhusiwa kumwona. Yeye amefiwa na mtoto, mimi nimefiwa na mume, na aliyekuwa mdomo wetu ndiye tuliyemzika.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nililala. Sikuugua, nililala tu. Sikupika, sikufagia, na ninyi mnajua mwanamke wa kwetu asiyefagia uwanja watu wanamfikiriaje. Maziwa yakaanza kukauka. Nilitaka kufa. Nalitamka hivyo hivyo bila kulifunika, kwa sababu ndani ya jengo hili huenda yupo anayelitaka leo na anadhani yuko peke yake. Kuomba kulinishinda. Nilimwambia Mungu neno moja tu: sikuoni. Nikageukia ukutani.

Na ukuta wenyewe ulikuwa wa mianzi, wa kupitisha sauti. Asubuhi moja nikasikia kikohozi upande wa nje, halafu ng'ombe akifungwa pale. Mzee alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Nikamsikia anaanza kuzungumza naye, taratibu, kama mtu aliyekaa na rafiki.

"Ng'ombe wangu," akasema, "nimepika mbalaga ya ndizi. Imenishinda kumaliza. Sufuria nimeiacha juu ya kinu. Mtu akipita akala, mimi sitauliza."

Akaondoka akikohoa kwa nguvu, ili nijue ameenda mbali.

Sikuinuka. Kuku wakala ndizi zile. Kesho yake akarudi kumwambia ng'ombe kwamba kuku wamekula na hawakushukuru, na kwamba leo ameweka jiwe juu ya mfuniko. Siku hiyo niliinuka, kwa sababu mtoto alikuwa akilia na sina cha kumpa. Wapendwa, mzee yule alikuwa hajapika maisha yake yote. Chini ndizi zimeungua, juu ni mbichi, na chumvi alimwaga bila huruma. Nilikula nikiwa nimesimama. Nikala zote, nikafuta sufuria kwa kidole.

Aliendelea kuja. Kila siku ng'ombe alipata habari zote: mpunga umefikia wapi, usipa wamepatikana ziwani, mama fulani amejifungua. Mimi nilikuwa kimya ndani. Mpaka siku moja chumvi ilinishinda kabisa, nikamgeukia binti yangu, ambaye hata kusema alikuwa hajaanza, nikamwambia kwa sauti kwamba mama yake angekuwa ng'ombe, angemwomba mwenye ng'ombe apunguze chumvi.

Niliogopa nimevunja heshima. Kisha nikamsikia mzee anacheka, anacheka mpaka anakohoa, na safari hii kikohozi kilikuwa cha kweli.

Tangu hapo tukawa na njia. Yeye anasema na ng'ombe, mimi nasema na mtoto, na hakuna mila iliyovunjwa. Siku moja akamwambia ng'ombe, "Leo nimemkumbuka mwanangu. Sina wa kumwambia." Akalia. Mimi huku ndani nikalia naye, kila mmoja upande wake wa ukuta, na ndiyo siku ya kwanza niliyomlilia mume wangu nikapata nafuu. Nikaanza kufagia. Nikaanza kupika mwenyewe, na mnaweza kuelewa kwa nini niliharakisha.

Lakini kusali nilikuwa bado. Nilikuwa napokea chakula kwa mtu nisiyemwona, na bado namlaumu Mungu kwamba simwoni. Mnaona jinsi mtu anavyoweza kukalia jibu bila kujua? Ndivyo nilivyokuwa.

Ikaja masika ile mvua ilipokataa kukatika huko milimani. Ninyi wa Kyela hamhitaji kusimuliwa. Maji yakashuka, mto ukaacha njia yake, mashamba yakawa ziwa. Majirani wakaanza kuhamisha mifugo kwenye mwinuko karibu na barabara. Mmoja wao akamchukua na ng'ombe wa mzee. Alituambia kwa sauti kutoka njiani kwamba na sisi tujiandae, atarudi.

Asubuhi iliyofuata sikusikia kitu nyuma ya ukuta. Na hapa ndipo nilipokosea, kosa ambalo ninyi wageni mtalicheka na watu wa kwetu hawatalicheka. Nilijua kwamba ng'ombe hayupo. Nikasema moyoni, maskini mzee, leo hana wa kuzungumza naye. Kwangu kimya kile kilikuwa na sababu yake. Nikafunga vyombo, nikambeba mtoto, nikangoja. Nikapika hata uji, nikauweka juu ya kinu, nikamwambia mtoto kwa sauti kwamba uji upo. Nikajificha ndani ili mzee atoke auchukue. Uji ukapoa. Maji yakafika kwenye kinu, na uji bado upo.

Hapo nikakumbuka. Nyumba yake ilikuwa chini kuliko yetu.

Nikatoka na mtoto kifuani, maji magotini. Kwenye migomba nikasimama. Tangu nilipoolewa sikuwa nimevuka migomba ile. Nikakohoa, kama yeye alivyokuwa akinikoholea mimi. Nikakohoa tena. Ndipo nikasikia anaguna ndani, nikaingia.

Alikuwa kitandani na homa, maji yamefika kwenye kamba za kitanda. Aliponisikia, kitu cha kwanza alichofanya hakikuwa kuomba msaada. Alivuta blanketi akafunika uso wake. Alikuwa karibu kufa na bado ananisitiri.

"Toka, mwanangu," akasema chini ya blanketi. "Mpeleke mtoto. Mkwe hambebi mkwe."

"Tata," nikasema, na ndiyo mara ya kwanza kumwita baba kwa mdomo wangu, "wewe ulinibeba kule ukutani. Blanketi limejaa maji, siwezi kukubeba nalo. Liachie."

Akalishika kwa muda. Kisha akaliachia.

Ndugu zangu, nikamwona mume wangu. Ni pua yake, ni nyusi zake, ni ule mdomo wake unaokaa kama unataka kutania, isipokuwa umezeeka na ndevu zimekuwa nyeupe. Uso niliokuwa nikiulilia kwamba sitauona tena duniani ulikuwa upande wa pili wa migomba siku zote. Nililia pale majini kwa sauti. Naye ananitazama, anauliza kama ameniogopesha. Nikamwambia hapana, tata, hukuniogopesha.

Mtoto kifuani, mzee mgongoni, nikatoka. Alikuwa mwepesi, homa ilikuwa imemla. Njiani akanielekeza pa kukanyaga, maana shamba ni lake na alijua mifereji iko wapi chini ya maji. Bila macho yake tungetumbukia. Tukakutana na jirani akirudi kutuchukua kama alivyoahidi, akatufikisha kwenye nyumba moja kule mwinukoni. Mama wa nyumba ile alitupatia kitanda chake, naye akalala chini. Mama, nakuona pale umeinamisha kichwa. Ndaga fijo, asante sana.

Usiku ule niliomba. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema tu, nimekuona.

Maji yalipopungua, wazee wa ukoo wakakaa. Siwalaumu, walikuwa na kazi ya kulinda mila. Nilikuwa nimeingia chumbani kwa baba mkwe, nimemshika, nimemtazama. Baadhi wakasema nirudishwe Bondeni kwa wazazi wangu na mtoto abaki. Niliposikia mtoto abaki, nilishika mti wa mlango ili nisianguke. Mzee alikuwa bado dhaifu, amekaa kwenye mkeka ameegemea nguzo. Akaomba kusema.

"Nimezika mtoto mmoja," akasema. "Huyu aliyebaki, mnataka nimkimbie mpaka nife?"

Mwishoni mkubwa wao akaagiza wali na samaki katika sahani moja, akasema kama ni mtoto basi na ale na baba yake. Nikaja, nikapiga magoti, nikanawa. Tata akamega samaki upande usio na miiba, akausukuma kwangu. Tukala. Jambo likaishia pale.

Nina shukrani kwa wazee wale, kwa sababu mila ni yao na walikuwa na uwezo wa kukataa. Nina shukrani kwa jirani aliyerudi. Kwenu akina mama mliokuja kunipalilia mpunga nilipokuwa nimelala, mkafikiri sikuwaona, niliwaona kupitia mianzi.

Na somo langu ni dogo, mchungaji atalinyoosha. Ukiwa umelala na umegeukia ukuta, na unasema Kyala, Mungu wetu, hayupo kwa sababu humwoni, tega sikio nje. Pengine kuna mtu anaunguza ndizi kwa ajili yako. Pengine anayekupenda ameficha uso kwa sababu anakuheshimu. Usimdai uso kwanza. Kula kile alichoweka juu ya kinu, uso utauona kwa wakati wake. Na wewe unayempikia mtu aliyelala, kuku wakila, weka jiwe, upike tena.

Jambo la mwisho. Tata yuko hapa. Amekaa benchi la nyuma upande wa wanaume, karibu na mlango, na najua sasa hivi anatazama sakafu. Nyumbani tunakula pamoja, lakini humu kanisani kila Jumapili anakaa kule na mimi nakaa huku kwa akina mama, kwa kuwaonea haya ninyi. Magoti yake hayana nguvu tena, wimbo ukianza huwa anabaki ameketi peke yake wakati wenzake wamesimama. Mimi namwona kutoka upande huu na moyo unaniuma.

Basi nikishuka hapa sirudi kwenye kiti changu. Mtanisamehe.

Tata, nakuja. Nisogezee nafasi.